Mgema na Sifa Zake

Wako mameneja wapendao kukariri kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa methali hiyo hujipa ruhusa ya kutomshukuru mfanyakazi, kutomshauri wala kumsikiliza. Kisha hushangaa kuona uzalishaji umezorota. Imani yao ni kwamba mtu wa kiwandani husukumwa na mambo mawili tu: mshahara na woga.

Historia yetu yaikanusha imani hiyo. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika ibara ya 15, uliwakataza viongozi majivuno na uonevu. Wafanyakazi waliyashika maneno hayo. Migomo mingi iliyofuata haikuzaliwa na madai ya malipo, bali na dharau za wakubwa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaendesha uzalishaji wenyewe. Mvivu hagombei haki ya kufanya kazi.

Wala jambo hili halikuletwa na vitabu vya uongozi. Usukumani, wacheza bugobogobo hulima kwa mdundo wa ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na hodari huonekana mbele ya wenzake. Hapo sifa haikutia maji kazini, iliongeza matuta.

Lakini wapo wajanja watakaoyapokea maneno haya kwa furaha: watagawa vyeti vya mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi, na kuuacha mshahara usiofika katikati ya mwezi. Huko si kumheshimu mfanyakazi, ni kumdhihaki. Heshima huanza na ujira wa haki na kinga dhidi ya vumbi na mitambo. Hupitia katika baraza lenye sauti ya kweli. Ndipo ifikie sifa.

Basi na tuitazame upya methali yenyewe. Yamsema mgema, haimsemi mwenye mnazi aliyempunja ujira, kisha akalalamikia tembo jepesi. Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma na mavazi pekee. Umo pia katika jinsi msimamizi anavyomwita mtu aliyesimama mbele ya mtambo.