Kitasa cha Karatu na Kitabu cha Fundi

Msafiri atokaye Arusha kwenda Ngorongoro hapana budi apite Karatu, na mgeni wa kitalii aliyekwisha kuitazama kreta mara nyingi humalizia safari yake hapa Visiwani. Chumba anacholala kule na chumba anacholala huku ni vya biashara moja, na vyote viwili hufungwa kwa kitasa. Kwa hiyo yale tuliyoyaona Karatu si habari ya watu wa mbali.

Tulilala mjini hapo usiku mmoja katika safari ya kikazi. Alfajiri, tuliporudi kutoka msikitini, ufunguo ulikatikia ndani ya kitasa. Mwenye nyumba alimwita kijana fundi, mtu wa adabu na mwepesi wa mikono, akaja na nyundo, tindo na koleo. Haukupita muda kitasa kilikuwa kimevunjwa, ubao wa mlango umechanika, na mtoto wa nyumba ametumwa dukani kununua kitasa kingine. Tulipomwuliza kama hapakuwa na njia nyingine, alijibu kwa unyofu: "Mzee, mimi nilifundishwa kubadilisha, sikufundishwa kufungua."

Kijana yule hakukosea. Alisema kweli kuhusu hali ya kazi yake, na pengine kuhusu kazi nyingi za mikono nchini mwetu. Ndani ya kitasa cha silinda, ambacho asili yake ni hataza za Mmarekani Linus Yale mdogo katika miaka ya 1860, mna safu ya pini ndogo zilizopangwa mbili mbili, moja juu ya nyingine, zikisukumwa na springi. Meno ya ufunguo huziinua pini hizo hadi maungio yao yote yakae sawa na ukingo wa silinda. Hapo ndipo silinda huzunguka na mlango hufunguka. Wamisri wa kale walitumia kanuni hiyo hiyo kwa makomeo ya mbao. Anayeifahamu huweza kukitoa kipande cha ufunguo kilichokatika kwa kijiti chembamba cha chuma chenye ncha iliyopinda. Na ufunguo ukipotea, hana haja ya kuutupa mtambo mzima. Hubadilisha pini chache, akachonga ufunguo mpya, na ule uliopotea ukawa kipande cha chuma tu. Aidha huweza kuzipanga pini za vyumba ishirini ili kila mgeni awe na ufunguo wake, naye msimamizi awe na mmoja unaofungua vyote.

Maarifa haya yameandikwa. Tangu mwaka 1853 Mwingereza Charles Tomlinson alihariri kitabu kizima juu ya utengenezaji wa makufuli, na vitabu vya namna hiyo vimeendelea kuchapwa Uingereza na Marekani hadi leo, vyenye michoro, vipimo na mazoezi. Lakini ni vya Kiingereza, na bei yake ni ya fedha za kigeni. Fundi wa Karatu hawezi kukinunua kimoja kwa faida ya siku moja, na akikinunua hatakisoma kwa wepesi. Matokeo yake ni kwamba kila kitasa kinachogoma huvunjwa, na badala yake huletwa kingine kilichoagizwa kutoka ng'ambo. Hapa Visiwani hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa hewa ya chumvi hula springi na pini kwa haraka.

Asije mtu akadai kwamba watu wetu hawana mkono wa kazi hii. Katika wilaya hiyo hiyo ya Karatu, upande wa Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga huyeyusha vyuma chakavu kwa moto wa makaa na mivukuto ya ngozi, wakafua vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana asali. Bangili zao za shaba nyeupe na nyekundu hutokana na mabomba mabovu na, tazama ajabu, makufuli kuukuu. Mtu awezaye kuligeuza kufuli kuwa bangili hashindwi kuichonga pini kwa tupa. Na mafundi wetu wa Unguja waliochonga milango ya Mji Mkongwe, yenye mfaa katikati na mnyororo wa kufungia, hawakuhitaji kufundishwa subira.

Ipo hoja moja nzito ambayo maofisa wengi huitoa, nayo ni kwamba kufundisha kazi hii hadharani ni kuwafundisha wezi. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani A. C. Hobbs alilifungua kufuli la Bramah lililokuwa likishindaniwa kwa zawadi ya gini 200 kwa zaidi ya nusu karne. Ilimchukua saa 51 katika muda wa siku 16. Waingereza walitaharuki, wengine wakataka mambo hayo yafichwe. Lakini kitabu cha 1853 kilishika msimamo kwamba wahalifu huyajua kabla ya waaminifu, na anayedhurika kwa siri hiyo ni mnunuzi. Watengenezaji nao wakalazimika kuunda makufuli bora zaidi.

Hata hivyo, hatusemi kazi hii iachwe bila ulinzi. Ufunguo ni amana. Wengi wa wafasiri huihusisha aya ya 58 ya Suratun-Nisaa na siku ya kutekwa Makka, pale ufunguo wa Al-Kaaba uliporudishwa kwa Uthman bin Talha. Basi mwanafunzi wa kazi hii adhaminiwe na sheha wake hapa, au na ofisa mtendaji wake kule Bara, na jina lake lijulikane kituo cha polisi. Mwizi hapendi kuandikishwa.

Vyombo vya kuifanya kazi hii tunavyo. Bara kuna VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mitaani. Zanzibar kuna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Tunapendekeza vyombo hivyo viwili vishirikiane kununua vitabu vichache vilivyo bora, viwakabidhi walimu wanaokijua chuma, na kwa msaada wa BAKITA na BAKIZA kitolewe kitabu kimoja cha Kiswahili chenye michoro mikubwa. Kozi iwe fupi, na kila darasa liwe na makufuli yaliyokatwa ubavu ili mwanafunzi aone pini zikipanda na kushuka.

Tunajua jibu litakalotolewa: kwamba halmashauri za Bara tayari hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na vijana wanaweza kukopa wakanunua mashine ya kuchonga funguo. Ni kweli. Lakini mashine hiyo huiga ufunguo uliopo. Mwenye nyumba wa Karatu hakuwa na ufunguo wa kuigwa. Alikuwa na nusu mkononi na nusu ndani ya mlango, na kijana aliyesimama mbele yake alikuwa na nyundo.