MKULIMA NA SHAMBA LAKE: Maji ya Msitu wa Mau

Mkulima akaaye ukingoni mwa msitu wa Mau, upande wa Kericho au wa Molo, akiulizwa msitu wamfaa nini, aghalabu hutaja mvua kwanza. Kuni, malisho na asali huvitaja baadaye, ingawa hivyo ndivyo avichukuavyo nyumbani kwa mikono yake.

Juu ya mvua asema kweli, lakini si yote. Unyevu mwingi wa Kericho watoka Ziwa Victoria, na milima huupandisha hata ukawa mvua. Miti huongeza mvuke wake, ila ni kwa kadiri gani, wataalamu wangali wakibishana. Kazi ya msitu isiyo na ubishi hufanyika chini ya miti. Majani yaozayo huulegeza udongo, nao hunywa mvua polepole na kuitoa chemchemini wakati wa kiangazi. Mteremko ukifyekwa, matone huupiga udongo mtupu, maji hukimbia nao mtoni. Ndipo mto hufurika mwezi wa Aprili na kukauka mwezi wa Februari, hata kama mvua ya mwaka haikupungua.

Mwaka 2001 Serikali ilikata sehemu kubwa za Mau zigawiwe watu. Miaka iliyofuata, tangu 2009, maelfu waliondolewa sehemu mbalimbali za msitu huo, na baadhi yao walikuwa na hati mkononi. Mto Njoro, uendao Ziwa Nakuru, hukatika mahali pengine wakati wa kiangazi. Na Mto Mara, ambao chanzo chake ni huko huko, hunywesha watu na wanyama mpaka Tanzania.

Lakini mtu wa Mara hafukuzi nyani. Mwenye shamba la ukingoni ndiye akeshaye kulinda mahindi, na si haki kumdai ulinzi wa msitu bila kumpa kitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yaruhusu vyama vya wanakijiji kupatana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) juu ya kuni, malisho na mizinga ya nyuki.

Kosa moja lipo: kudhani kila mti ni msitu. Wengi hupanda mikalitusi karibu na chemchemi, kwa kuwa nguzo zake zauzika upesi. Mti huo hunywa maji mengi. Upandwe mbali na maji. Ukingoni mwa mto yafaa mianzi na miti ya asili.