Senene wana risiti, sampuli je?

Wadau, nikituma senene kwa basi kutoka hapa Kayanga kwenda Mwanza napewa risiti yenye namba. Wakichelewa, napiga simu nafoka. Sasa binti aliyebakwa: kachukua PF3 polisi, kapimwa hospitali, sampuli imefungwa iende kwa Mkemia Mkuu. Namba yake iko wapi? Kaipokea nani, lini?

SOSPA tunayo tangu 1998, sheria ya vinasaba tangu 2009. Mtaniambia Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika. Sawa, ndiyo tumwachie mzigo wote peke yake?

Jimbo la Idaho, Marekani, tangu 2017 mwathirika anafuatilia sampuli yake kwa namba. Na msiniletee habari za bajeti. Kaunta buku moja shilingi ngapi?