Harambee Isikomee Kwenye Bili ya Hospitali

Hakuna Mkenya asiyeijua harambee. Tangu Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, tumejenga kwayo shule, makanisa na zahanati. Hapa Kiganjo ni nadra mwezi kupita bila kadi ya mchango kumfikia mtu: huyu amelazwa, yule amefiwa. Huo ni utu, wala sina nia ya kuubeza. Hoja yangu ni kwamba michango yetu hulipia tiba na mazishi, lakini ni nadra mno ilipie utafiti.

Chukua mfano wa maradhi ya Duchenne, ambayo hudhoofisha misuli ya watoto, aghalabu wavulana. Mpwa wangu anayo. Alipoanza shule alikuwa akianguka ovyo, na kila alipoinuka alijisukuma kwa mikono mapajani mithili ya mzee. Majirani walinong'ona kwamba nyumba ya dada yangu ina thahu. Ugonjwa usipokuwa na jina, uvumi huupa jina lake. Daktari alipoutaja kwa jina, jamaa tulichanga. Tukapata kiti cha magurudumu na dawa za kupunguza kasi ya maradhi. Hata hivyo, dawa ya kuyaponya kabisa haijapatikana popote duniani, nayo haitapatikana kwa kununua viti.

Nchini Ufaransa, mwaka 1958, mama mmoja aitwaye Yolande de Kepper, ambaye wanawe waliugua maradhi ya misuli, alianzisha chama cha jamaa za wagonjwa. Mwaka 1987 chama hicho kilianzisha Téléthon, mchango wa televisheni unaofanywa kila Desemba. Hiyo ni nini kama si harambee? Kwa fedha hizo ilijengwa maabara ya Généthon, ambayo mwaka 1992 ilitoa ramani za awali za jeni za binadamu. Wataalamu wa mataifa mengi walizitumia kusaka vyanzo vya maradhi mengine kadha wa kadha. Uchungu wa mama mmoja ukawa faida ya ulimwengu.

Yamkini msomaji atasema kwamba Ufaransa ni tajiri, nasi tu maskini. Lakini mwaka 1961 Dkt. Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alisafiri pamoja na wenzake wawili yapata maili 10,000 kwa gari kuukuu. Katika kila hospitali waliuliza swali moja: je, uvimbe wa taya za watoto huonekana hapa? Safari nzima haikugharimu hata pauni 700. Ilidhihirika kwamba uvimbe ule hutokea kwenye joto na mvua, na kwamba nyanda za juu zenye baridi huepukana nao. Baadaye wataalamu waliuhusisha na malaria. Utafiti, basi, huanza kwa kuuliza na kuhesabu.

Najua kwamba michango ya wagonjwa aghalabu haitoshi hata bili. Kwa hiyo asipunguziwe mgonjwa chochote. Napendekeza harambee moja kwa mwaka, katika siku ya mwisho ya Februari, ambayo tangu 2008 huadhimishwa kuwa siku ya maradhi adimu. Fedha zishikwe na wadhamini, na hesabu zibandikwe hadharani, maana wengi wamechoshwa na michango isiyojulikana ilikokwenda. Kazi ya kwanza iwe kuorodhesha wagonjwa, kwa idhini ya wazazi na kwa siri ya jina. Vyuo vikuu tunavyo, Dedan Kimathi na Karatina, na wanafunzi wenye akili hawakosekani.

Nanyi walimu, ninyi ndio mnaomwona mtoto kabla ya daktari. Anayeanguka kila siku uwanjani msimwite mvivu. Waiteni wazazi wake, wapelekwe hospitalini. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Tusingoje kilio ndipo tuchange.