Theluji ya Nini, Jamani?

Kila Desemba nasoma riwaya za mapenzi za Krismasi, zile za Kiingereza za mitumba zinazotandazwa chini barabarani, na sioni haya. Nyie wasomi mnabinua midomo: eti mwanamke kaachwa, kaenda kanisani, kakutana na mgane mcha Mungu, mwisho ndoa. Sawa. Lakini huyo Charles Dickens wenu aliandika A Christmas Carol mwaka 1843 kwa majuma kama sita tu, shida ya fedha imemkaba, ili kiwahi sikukuu. Kilitoka tarehe 19 Desemba, na hadi mkesha wa Krismasi nakala 6,000 zilikwisha. Mbona yeye hamumcheki?

Mimi kinachoniuma ni theluji. Kila kitabu theluji! Desemba yangu ni stendi ya Mbezi, Wachagga na mizigo yao wanagombea basi la Moshi, na binti wa Rombo kakalia begi, anawaza atamwambiaje mama yake kwamba mchumba kaghairi. Humo hamna mapenzi? Hamna imani?

Niliiandika hadithi hiyo. Mhariri mmoja akanirudishia mswada hata kamba hajafungua: "Kijana, hii haimo kwenye silabasi." Kwa hiyo tusipendane mpaka Wizara iruhusu?

Basi nautoa mwenyewe, kwa fotokopi, kurasa 48. Nitautandaza pale pale chini, katikati ya hizo theluji. Njoo na elfu mbili yako.