Daftari la Wiki: Mgeni Anapoingia Chamani

Katika pwani ya Kenya, ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, wanawake wenye asili ya utumwa walijiunga na vyama vya lelemama, yaani ngoma ya wanawake waliosimama safu na kucheza kwa miondoko ya taratibu, huku vyama hasimu vikishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, anaonyesha kwamba vyama hivyo vilisaidia kuwaingiza wanawake hao katika jamii ya mji. Hata hivyo, nafasi hiyo haikutolewa bure, kwa kuwa mwanachama alitakiwa kushona sare, kuhudhuria mazoezi na kuchangia karamu, na aliyetaka cheo alikigharimia kwa kuwalisha wenzake. Kuiita juhudi hiyo kuwaiga waungwana tu ni kuwadhulumu wanawake hao, kwani waliyabeba mashindano yale mabegani mwao hadi yakawa yao.

*

Beni, ngoma ya gwaride na matarumbeta iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilipofika Tanganyika iligawanyika katika Marini na Arinoti, na kila upande ukawa na vyeo vyake, Kingi akiwa juu. Kijana aliyetoka bara kutafuta kazi mjini alijifunza hatua za gwaride na kutii wakubwa wa chama, naye akiugua au kufiwa, wenzake walimchangia. Kwa mtu asiye na ndugu karibu, hilo lilikuwa jambo zito kuliko ngoma yenyewe.

*

Katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, sanduku la fedha aghalabu huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ili lisifunguliwe ila mbele ya wote. Mgeni hujitahidi kuwahi na kunyamaza fedha zinapohesabiwa, lakini wenyeji wengi humsomea orodha ya faini siku ile ile ya kwanza bila kumfafanulia hisa ni nini wala mkopo hurejeshwa vipi. Ni haki yake apewe mwanachama mzoefu wa kuketi naye na kumweleza hayo, kabla hajatozwa faini yoyote.