Alama Ndogo Katika Michoro ya Ufundi

Mwanafunzi wa uchoraji wa ufundi hufundishwa tangu siku za kwanza kupiga mstari ulionyooka, kutofautisha mstari mzito na mwembamba, na kuonyesha kitu kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni. Maelezo yanayoandikwa pembeni mwa mchoro huachiwa dakika tano za mwisho. Huko ni kukosea, na milima ya Usambara yaeleza kwa nini.

Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo, chini ya njia ya kupandia Lushoto, mwaka 1905. Upana wake ni mita moja. Mjerumani, kwa desturi ya kwao, huweka mkato pale ambapo Mwingereza huweka nukta. Hivyo upana huo, ukiandikwa hadi milimita, huwa 1,000 m. Kijana aliyesoma hesabu katika shule ya Tanzania ataona hapo mita elfu moja. Akili itamwokoa, maana hakuna reli yenye upana wa kilometa. Lakini iwapo ni bomba la maji lenye urefu wa 1,250 m, je, ni mita moja na robo, au ni bomba la kushuka mlima mzima? Yote mawili yawezekana.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika nchi, na mji ulioitwa Wilhelmstal ukawa Lushoto. Vipimo navyo vikawa futi na inchi: kialama kimoja juu ya tarakimu ni futi, viwili ni inchi. Kialama kimoja kikififia katika nakala, inchi sita hugeuka futi sita.

Wako wanaodhani kwamba kompyuta imeyamaliza mambo haya. Kweli, tangu programu ya AutoCAD itoke mwaka 1982 mistari imekuwa safi kuliko ya mkono wowote. Walakini kibao cha herufi hakina alama ya kipenyo. Katika programu hiyo mchoraji huandika %%c apate Ø, %%d apate alama ya nyuzi, na %%p apate ±. Asiyejua hunakili alama kutoka penginepo, na jalada likifunguliwa katika kompyuta isiyo na herufi zile, panatokea kiboksi kitupu au alama ya kuulizia.

Tuseme kiwanda cha chai milimani kinahitaji shafti ya mashine ya kusokota majani. Mchoro unakwenda kwa fundi mkereza vyuma Tanga. Palipoandikwa Ø40 ±0.02, yeye anasoma ?40 ?0.02. Arobaini hiyo ni kipenyo au ni upande wa mraba? Sehemu mbili za mia za milimita ziongezwe, zipunguzwe, au vyote viwili? Akikisia vibaya, shafti haiingii katika beringi, au yaingia ikichezacheza. Na majani ya chai yaliyokwisha kuchumwa hayangoji barua ya pili.

Hatari nyingine imejificha zaidi. Mhandisi hubadili kipenyo katika modeli kutoka 40 hadi 45. Picha hubadilika, na vipimo vilivyofungamana nayo hubadilika, ila maelezo yaliyochapwa kwa mkono hubaki 40. Fundi anashika karatasi moja yenye tarakimu mbili zinazogombana. Dawa ipo. Katika Pro/ENGINEER ya mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika Creo iliyoirithi, mchoraji huandika alama ya & na kuifuatisha na jina la kigezo, mathalani &KIPENYO; programu yenyewe huchukua thamani kutoka katika modeli. Idadi ya tarakimu baada ya nukta nayo yafaa iamuliwe na mchoraji, kwani fundi hasomi 40 na 40.00 kwa maana moja.

Mwalimu wa shule isiyo na kompyuta atasema haya hayamhusu. Yanamhusu sana. Penseli yatosha: thamani iandikwe mara moja tu katika jedwali, D = 40, na kila mahali pengine paandikwe D. Kisha darasa liambiwe D sasa ni 45, na kila mwanafunzi ahesabu ni mara ngapi amelazimika kutumia kifutio. Aliyefuta mara moja amekwisha elewa kigezo ni nini kabla ya kuigusa mashine.

Karatasi iliyokwisha chapwa, lakini, haina habari na modeli. Kwa hiyo namba ya toleo na tarehe visikosekane katika kona ya mchoro, na fundi aulize tarehe kabla hajawasha mashine yake.